Salha, Bafta Nimeikata

Shoga yangu Salha,

Wasalimie wote waliotangulia, mama yangu hasa, na umwambie mjukuu wake anapiga gobori. Usicheke. Nnakuandikia nimesimama, karatasi juu ya friji, maana nikikaa nnainuka, na nikiinuka sijui nnakwenda wapi. Kesho Zuwena anashindana kulenga shabaha.

Niache nijisifu kidogo, wewe ndiye uliyenizoesha. Uwanja mzima mwanamke ni yeye peke yake, wengine madevu matupu. Na lile gobori la babu yake, la kushindilia baruti kwa mdomoni, zito kama boriti, mwanangu analishika kama kijiko. Maskati hii nani mwenye mtoto kama wangu? Mtaje.

Lakini tangu uondoke, viraka vimetushinda. Mtu asiyejua ataona upuuzi, kijitambaa kama sarafu cha kuivisha goroli ya risasi. Basi bila hicho goroli haiendi inakotumwa. Wewe ulikuwa ukiingia dukani Hamriya na goroli ndani ya pochi, unaivisha kitambaa, unabinya, unachomoa uzi unauchoma kwa kibiriti. Ukiwa jivu, ni pamba, unanunua. Ukiganda, "Nailoni hii, baba, kavae mwenyewe." Muuzaji hoi kwa kicheko. Na mimi hapo nnamhadithia habari za Zuwena.

Ijumaa iliyopita nikasema, kwani mimi siwezi? Nikanunua kitambaa cha bei, laini, kinang'aa, cha kumshonea bibi harusi. Mwanangu apige na kitu duni? Wallahi Salha, aibu. Mazoezini risasi ya kwanza ilikwenda ilikotaka, ya pili ikaifuata. Tulipookota viraka mchangani, vimeyeyuka, vina matundu. Ami yake Khalfan akasema mbele za watu, "Mpeni mwiko akapike." Zuwena akaanza kukusanya vitu vyake. Mimi nilimjibu, lakini hayo siyaandiki. Ndani ya gari mtoto akasema taratibu, "Khaloo Salha asingenunua hiki." Akaegemeza kichwa kwenye kioo mpaka nyumbani Mabela.

Tangu siku ile situlii. Jana nimerudi Hamriya, nimechoma nyuzi mpaka muuzaji akaninyang'anya kibiriti. Vitambaa vyote mchanganyiko, na kisicho mchanganyiko kinene, goroli haishuki. Leo baada ya alasiri nikafungua kabati kutafuta shuka kuukuu, mkono ukagusa ile bafta.

Unaijua. Ulikata jora moja mapande mawili, ukaniletea. "Hii sanda yako, hii yangu. Tukavae sare." Yako tulikuvisha. Yangu imekaa na udi wake. Nikachomoa uzi, nikauchoma. Jivu tupu. Nikaivisha goroli. Salha, imekaa kama iliyopimwa.

Nikairudisha. Nikaitoa. Nikairudisha tena. Mtu hakati sanda yake kwa ajili ya mchezo! Halafu nikamsikia kichwani Khalfan na mwiko wake. Nikaitandaza sebuleni, nikajilaza juu yake.

Ndipo Zuwena anaingia kutoka kazini. Ukelele alioupiga!

"Mama! Mama, una nini?"

"Nyamaza, nnajipima."

Na kweli nilikuwa nnajipima. Ulinunua zote mbili kwa kimo chako wewe, mrefu kama mlingoti. Mimi miguuni kumezidi kipande kizima. Nikacheka palepale chini, nikalia, sijui kipi kilianza. Zuwena akakataa katakata. "Siwezi kuipiga risasi sanda yako, mama." Nikamwambia sanda yangu ni hiyo itakayonifunika. Hii iliyozidi ni ya khaloo yako, na mchaguzi wa viraka nyumba hii ni khaloo yako. Akakaa chini pembeni yangu, akanivutia upande wa pili wa kitambaa, nikatia mkasi.

Nimekifua kutoa wanga, jua la Maskati limekikausha kabla sijamaliza chai. Viraka tumevikata, tumevipaka shahamu, viko ndani ya kopo. Atashinda? Sijui. Mimi mdomo huu wote, leo sijui. Nnatembea tu, jikoni, barazani, jikoni.

Basi pumzika, shoga yangu, Mola akupe nuru na nafasi. Nnakuahidi, kesho kila kiraka kitakachoanguka nitakiokota mwenyewe, nikiinama mbele ya madevu yote hayo. Hakitabaki hata kimoja cha kukanyagwa. Na bafta iliyobaki nimeikunja, nimeifunga, mkasi hauigusi tena. Siku yangu ikifika utaniona nnakuja na sare yetu. Ila yangu haiburuzi.

Wako,
Mama Zuwena