Vijiwe Ulivyovirudisha Kwenye Maharage

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini miaka ishirini na saba tangu mwanao anioe sijawahi kufungua mdomo mbele yako bila shikamoo, na sitaacha leo kwa sababu tu umekufa.

Nakuandikia nikiwa jikoni kwako, kwenye kile kigoda ambacho hukutaka mtu mwingine akikalie. Nimekikalia. Ukungu wa Mgwashi umeingia mpaka mlangoni, na kuni zinatoa moshi kwa sababu Zakaria mwanao hajui kuchagua kuni mpaka leo. Habari kubwa ni kwamba tumekubaliwa, Mama. Wote wawili. Tutakwenda nje ya nchi kujitolea miaka miwili, yeye kama fundi wa maji ya mserereko yanayoteremka bila pampu, mimi kama mkunga. Nchi yenyewe bado hatuijui. Tunasubiri kupangiwa kituo, huu ni mwezi wa nne sasa, na kijiji kizima kinatucheka.

Wacha wacheke. Kila nikipita sokoni naulizwa, "Bado mpo?" Mama mmoja wa kwaya, simtaji jina maana unamjua, aliniuliza mbele ya watu tunajitolea nini wakati paa la jiko letu linavuja. Kwao kujitolea ni kazi ya wageni: wanakuja na mabegi, wanakaa, wanapiga picha, wanaondoka. Mtu wa huku akisema anakwenda kujitolea, basi ama amerogwa ama kuna jambo analikimbia. Nilimjibu kwamba paa linavuja kweli, na kuzalisha najua vilevile. Nikanunua vitunguu vyangu nikaondoka.

Wewe ndiye uliyeanzisha haya. Usharika ulipokosa mahali pa kuwaweka wale vijana wa kujitolea wa zahanati, ulitoa chumba cha nyuma, na kwa miaka mingi wakapita humo mmoja baada ya mwingine. Nakumbuka siku bosi wao alipokuja kukushukuru, ukamuuliza, "Na sisi mtatuchukua lini?" Alicheka, akadhani bibi anatania. Wewe hukucheka. Ulirudi jikoni ukaniambia, "Damari, iko siku watu wa nyumba hii na wao watakwenda kuwasumbua wenzao huko."

Fomu ya kujitolea ilipokuja ulikuwa tayari huwezi kushuka kitandani, na ulitaka usomewe kila swali. Ilikuwa fomu ya wanandoa: wanachukuliwa wote wawili au hachukuliwi hata mmoja. Tulipofika penye mtu wa kupigiwa simu wakati wa dharura, ulisema tuandike jina lako. Zakaria akaandika. Nani angekuwa na moyo wa kukwambia vinginevyo? Wiki tatu baadaye tulikuzika pale juu ya migomba, pembeni ya Baba.

Matanga yalipokwisha, ukoo ukakaa. Baba mdogo Hosea, shemeji yako, alisema Zakaria ndiye mwanao wa kiume pekee, na nyumba ya marehemu haiwezi kufungwa kufuli hata udongo haujashuka. Alisema safari hiyo isahaulike. Zakaria aliinamisha kichwa. Unamjua, mbele ya wazee huwa anarudi kuwa mtoto. Basi nikasimama mimi, Mama. Mkwe, mwanamke, mtu wa kuja, nikasimama kwenye kikao cha ukoo wenu. Mikono niliificha ndani ya kanga.

"Nyumba hii mwenyewe aliifungulia watu asiowajua hata majina," nilisema. "Haitafungwa. Lakini na sisi hamtatufungia humu."

Baba mdogo aliondoka bila kuaga. Wifi zangu waliniangalia kama niliyetukana. Mpaka leo sijaomba radhi, na siombi. Ila ukweli ni kwamba siku ile nilikwenda shambani nikalia peke yangu, na nilikukasirikia hata wewe. Ulitutia moyo wa kuondoka, halafu ukatangulia kuondoka wewe.

Usaili tulifanyia Lushoto mjini, kwenye chumba cha kuazima chenye kompyuta, tukiongea na watu watatu walioko mbali. Walituhoji mmoja mmoja. Zakaria aliingia kwanza, mimi nikabaki nje kwenye benchi, mlango umefungwa. Zamu yangu ilipofika, dada mmoja mwenye miwani aliniuliza nitafanya nini nikizidiwa na upweke ugenini. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya uzazi. Hilo sikuwa nalo kwenye karatasi. Nikasema nitachambua maharage.

Ikabidi nieleze. Kwamba niliolewa Mgwashi nikiwa na miaka ishirini na moja, nikitoka Mazinde, kwenye joto na barabara kuu ambako malori yanapita muda wote. Nikaja kwenye baridi hii, kwa watu wanaoongea Kishambaa cha haraka hivi, na wiki ya tatu nikajificha nyuma ya jiko nikalia. Hukunikumbatia. Hukuniuliza kitu. Uliniwekea beseni la maharage mapajani, ukakaa pembeni na la kwako, tukachambua kimya mpaka machozi yakakauka yenyewe. Nikawaambia kwamba baadaye niliona ukiwafanyia vivyo hivyo wale vijana wa chumba cha nyuma. Kila mmoja alilia wiki ya tatu, sijui kwa nini huwa ya tatu, na kila mmoja alipewa beseni lake.

Halafu nikasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kwamba siku moja nilichungulia stoo nikakuona umeshika kopo la vijiwe, unavimwaga kwenye maharage ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyachambua jana yake. Ulikuwa unatutafutia kazi.

Dada mwenye miwani aliwaangalia wenzake. Kisha akaniambia, kwa upole ambao sikuupenda, kwamba mume wangu amewaeleza habari hiyohiyo, beseni pamoja na vijiwe, na kwamba wao hawachukui wanandoa wanaokaririshana majibu.

Mama, niliona safari nzima inaondoka kwa sababu ya maharage yako. Ningeweza kubembeleza. Badala yake nilipandwa na hasira, hasira ileile ya kwenye kikao, na safari hii sikuificha mikono.

"Dada, hatukukaririshana," nilimwambia. "Mimi mpaka sasa hivi sikujua kwamba na yeye anajua. Tumelelewa na mama mmoja, basi. Kama hilo ni kosa, tuandikieni kosa."

Nikatoka nikiwa na hakika nimeharibu. Tulipofika Soni, tukisubiri gari la Bumbuli, ndipo nilipomuuliza Zakaria alijuaje habari ya vijiwe. Akanitazama kama nimemfumania. Kumbe ni yeye aliyekuwa anaviokota. Tangu akiwa mdogo ulikuwa ukimtuma mtoni akuletee vidogo kama punje, na viwe laini, visiumize watu vidole, na ukamwonya asimwambie mtu. Alikuwa ameshika agizo lako mpaka siku ile. Miaka yote hiyo tumelala kitanda kimoja, kila mmoja ameficha siri yako asimpe mwenzake. Tulicheka pale stendi mpaka watu wakageuka, kisha yeye akalia. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akilia tangu tukuzike, na sikumnyamazisha.

Wiki mbili baadaye tukaambiwa tumekubaliwa. Sijui ni nani kati ya wale watatu aliyetuamini. Lakini walitaka mtu mwingine wa dharura, kwa kuwa tuliwaambia umefariki. Zakaria alikaa na ile karatasi siku mbili, hawezi kukata jina lako. Nikachukua simu yako, ambayo sijaacha kuichaji, nikaenda nayo mpaka kwa Baba mdogo Hosea. Nikamsalimia kwa heshima zote, nikamwambia jina tutaandika lake, ila namba ibaki ileile. Ikilia, apokee.

Aliishika, akaigeuza huku na huku. Mwisho akauliza, "Chaji inakaa siku ngapi?"

Nikamwambia siku mbili. Akaiweka kwenye mfuko wa koti. Kama amekubali safari sijui, hakusema, nami sikumlazimisha. Simu amekubali. Juzi mke wake aliniambia anaamka nayo na kulala nayo.

Na nyumba yako iko wazi. Chumba cha nyuma anakaa mwalimu mpya wa shule ya msingi, binti wa Ukerewe, hajawahi kuona baridi ya namna hii. Wiki iliyopita nilimkuta nyuma ya jiko, palepale pangu, amefunika uso kwa kanga. Ilikuwa wiki yake ya tatu. Sikumuuliza kitu, niliingia stoo. Tutakapoondoka ataendelea kukaa yeye, na nimemwonyesha kopo lilipo.

Kituo bado. Wanaweza kutupeleka popote, na wanaweza kukaa kimya hata mwaka. Begi nimeshalifunga, nimeliweka sebuleni kabisa, kila anayekuja kuniuliza kama bado nipo alione kwanza. Silifungui. Maharage sibebi, nadhani huko yatakuwepo, na yasipokuwepo kutakuwa na kitu kingine cha kuchambua. Lakini vijiwe nabeba. Jana Zakaria alishuka mtoni mwenyewe, mtu mzima wa miaka hamsini, akakaa majini amekunja suruali, akachagua kimoja kimoja. Vimejaa kopo la kahawa.

Kwaheri, Mama. Nakuahidi tutafika, wote wawili, na tutawasumbua kama ulivyosema. Wiki ya tatu nitalia. Zakaria atavimwaga kwenye beseni langu akidhani simwoni, na nitajifanya sijamwona. Akilia yeye, nitavimwaga mimi.

Mkweo,
Damari