Visahani Nilivyovitupa

Nyumba za Wafanyakazi, Chumba cha Nne,
Nyuma ya Hospitali.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada yangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Shemeji na wanangu wote wawili. Natumaini mgongo wako umetulia, na yule mdogo ameacha kutafuna kola za mashati ya shule. Mimi ni mzima wa mwili. Mama hajambo, magoti yanamsumbua kama kawaida, na kama kawaida anasema kosa ni la viatu.

Barua hii anakuletea jirani yako muuguzi, anayeondoka huku kesho asubuhi. Ameniahidi utaipata Jumanne. Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Dada, kwenye simu ungenikatiza kabla sijamaliza sentensi ya pili, nami ningepata mwanya wa kujificha. Naomba uketi, usome mpaka mwisho, halafu ndipo unigombeze.

Kaka Randa amelazwa. Leo ni siku ya sita. Alikuwa karakana akipiga randa mlango, akakohoa, damu ikamwagika juu ya mbao. Si yale matone ya kwenye leso tuliyozoea kuyasikia, ilikuwa ya kujaza kikombe cha chai. Fundi mwenzake alimbeba mgongoni hadi barabarani.

Damu imepungua lakini haijakatika. Analala ameegemea mito mitatu, na kila akivuta pumzi nasikia mluzi kifuani. Naogopa, Dada. Nimefanya kazi hospitali hii miaka kumi na moja na sijawahi kuogopa namna hii.

Sasa niseme lile linalonikaba. Mwezi wa tatu ni mimi niliyekuambia kwamba Kaka hamezi dawa. Nilikuambia kwa kujiamini, mtu wa maabara mimi. Makohozi yake nilikuwa nimeyapima mwenyewe, nikaona bakteria, nikajaribu dawa juu yao, nikaona ipi inawaua. Daktari akaandika hiyo hiyo. Akapewa mara ya kwanza, akapewa mara ya pili, na Kaka akazidi kukonda. Nikapiga hesabu zangu: dawa inafaa, mgonjwa haponi, basi mgonjwa anadanganya.

Ukampigia. Ulichomwambia nakijua, maana spika ilikuwa wazi na Wifi na watoto walikuwa mezani wanakula. Ulimwambia anaficha vidonge chini ya ulimi kama mtoto, na asikutafute mpaka akili imrudie. Hajakutafuta, nawe hujamtafuta, na miezi mitatu imepita. Sikulaumu. Maneno yalikuwa yako, ila aliyekujaza ni mimi.

Jumatano Wifi alikuja maabara. Unamjua, haongei mpaka alazimishwe. Alikuwa amebeba lile kopo la bati la misumari kutoka karakana. Akalimimina juu ya meza yangu, na hazikutoka misumari. Zilitoka karatasi tupu za vidonge, za miezi yote mitano ya matibabu. Kando ya kila tundu lililotoka kidonge pana tarehe na saa, kwa ile kalamu ya wino mzito Kaka anayochoria mbao.

"Hesabu wewe uliyesoma," akasema, akaondoka zake.

Nilihesabu. Hakikukosekana hata kidonge kimoja. Nilikaa pale nimeshika kopo la misumari, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Hapo inabidi nikueleze kidogo kazi yetu. Makohozi tunayapaka kwenye visahani vyenye chakula cha vimelea, tunaviweka kwenye kabati la joto, kisha tunaangalia kilichoota. Tunachotafuta ni bakteria. Ukungu ukiota, kama ule unaouona kwenye mkate uliolala siku nyingi, tunasema umeingia na hewa. Mkuu wetu alitufundisha hivyo, naye alifundishwa hivyo hivyo: andika "uchafu, rudia", tupa, omba makohozi mengine. Nilirudi nyuma kwenye daftari. Mwaka huu nimeandika maneno hayo kwenye jina la Kaka mara tatu. Mara ya tatu nilimfokea hadi mama wa usafi kwamba anatuachia dirisha wazi.

Mara tatu, Dada, mgonjwa mmoja, na visahani vya wagonjwa wengine kabati lile lile ni safi. Dirisha gani hilo linalomchagua kaka yangu peke yake?

Kisahani cha kwanza nilikuwa nimekichora pembeni mwa daftari, kwa mazoea tu. Bakteria wametanda kote, na ukungu ni kidoa kidogo ukingoni, umezingirwa, umedumaa. Cha wiki hii nilikuwa nimeshakitenga nikitupe. Nikakirudisha kabatini. Ijumaa nilipokifungua, bakteria karibu hawapo, na ukungu wa kijani cha moshi umejaa hadi kwenye mfuniko.

Nilikipeleka mbio kwa daktari wa mapafu, bila hata kuvua koti la maabara. Unakumbuka Kaka alivyougua kifua kikuu akiwa kijana. Alipona, lakini mapafuni yalibaki mashimo, na daktari anasema humo wamekuwa wakiishi wote wawili. Bakteria wa aina hiyo hutoa sumu inayouzuia ukungu usikue, tena huupokonya chakula. Siku nyingine mambo hugeuka, wakasaidiana kuongeza makohozi na kuchubua pafu. Hata yeye hadai kujua kila kitu kuhusu ugomvi wao. Analolijua ni kwamba sisi tulimwona mmoja tu, tukampiga kwa dawa kali, na kila tulipompunguza tulimwachia mwenzake nafasi.

Picha ya kifua ilipigwa siku hiyo hiyo. Ukungu umejiviringisha ndani ya shimo moja, donge la ukubwa wa limau, na linakwaruza mishipa ya damu.

Tangu juzi anapewa dawa ya fangasi. Ile ya bakteria hawakuiacha, wameibadilisha tu, maana sasa wanaogopa kuegemea upande mmoja tena. Alhamisi asubuhi wataamua. Damu ikiwa imekatika, ataendelea na vidonge kwa miezi mingi. Isipokatika, watamfungua kifua wakate kipande cha pafu. Daktari hakunificha: kwa pumzi aliyobaki nayo Kaka, huenda asiamke baada ya kupasuliwa.

Mkuu wa maabara amenuna. Anasema ningeanzia kwake. Labda. Daftari nimelisahihisha kwa wino mwekundu, nimetia na sahihi yangu, na visahani vyenye ukungu sasa havitupwi mpaka watu wawili wavitazame. Mama wa usafi nilimwomba radhi mbele ya wenzangu. Alicheka mpaka akashika fagio. Kumbe dirisha lile halifunguki tangu mwaka juzi, walilipaka rangi likaganda. Nimefanya kazi kando yake siku zote hizo na sijawahi kulijaribu.

Jana mchana nilimwambia Kaka. Nilivuta kiti, nikamweleza yote bila kujipamba. Alinisikiliza amefumba macho.

"Kwa hiyo," akasema, kipande kipande, "mmefukuza mpangaji mmoja, mwingine kachukua nyumba nzima."

"Ndiyo, Kaka."

"Na mimi dawa nilimeza sawasawa?"

"Ulimeza zote. Kosa ni langu."

Nilitamani anitukane, anirushie hata kikombe. Nilitaka kumshika mkono nikaona sistahili.

"Mwambie Dada," akasema, akageukia ukutani.

Basi. Hakuniambia jingine, na sijui kama amenisamehe. Leo nilipompelekea uji aliunywa, ila hakunitazama.

Dada, sikuombi unisamehe kwanza. Nitasubiri zamu yangu. Nakuomba umpigie kabla ya Alhamisi. Piga simu ya Wifi saa kumi jioni, ndio wakati wa kuona wagonjwa, atamwekea sikioni. Daktari amemkataza kuongea, kwa hiyo kwa mara ya kwanza maishani utasema wewe peke yako na hakuna atakayebishana nawe. Tumia bahati hiyo vizuri. Usimuulize anajisikiaje, anachoka kujibu. Mwambie tu kwamba unajua.

Usisubiri upate nafasi, wala usisubiri hasira zako kwangu ziishe. Nimeiona picha ile kwa macho yangu.

Mama hajui habari ya upasuaji. Anadhani ni kikohozi cha vumbi la mbao, na kila siku anatuma ujumbe kwamba Kaka afunge mdomo kwa kitambaa akiwa kazini. Ukizungumza naye, uwe mwangalifu. Nitamwambia mwenyewe Jumatano, ana kwa ana.

Wifi anakusalimu. Hakusema neno, lakini nilipomwambia nakuandikia alitikisa kichwa kukubali, na kwake hiyo ni hotuba. Watoto wa Kaka wanawasalimu ndugu zao, na yule wa kike anauliza kama mtakuja. Nisalimie Shemeji, wabusu wanangu, na umpe asante yangu jirani yako kwa mzigo huu mwepesi.

Mungu awalinde nyote huko, na atuachie Kaka yetu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata siku hutaki kunisikia,

Kitinda mimba wenu.

Nimetia karatasi moja ya vidonge ndani ya bahasha. Tazama tundu la nne kutoka juu. Ni siku ile uliyompigia. Ulipiga saa mbili usiku, wakila. Yeye ameandika saa moja na nusu.