Ubao Uliofuata Ukuta Wangu

Baba Akinyi,

Ndugu yako ameipiga nyumba yetu ya Kombewa plasta ya simenti. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma, na wewe hukupenda maneno ya kuzunguka.

Unakumbuka mwaka ule tulipohama kutoka Kisumu? Nilikandika ukuta wa sebule kwa mikono yangu, nikiwa na mimba ya Akinyi. Ulipokauka, ukatoka na tumbo katikati. Aibu gani! Nilitaka kuubomoa kabla mama yako hajauona. Wewe ukacheka mpaka ukakaa chini. "Wacha, Mama. Mnafanana. Mimi nitaufuata."

Ukausogeza ubao wa rafu ukutani, ukashika kijiti na penseli pamoja, ukavivuta kutoka pembe hadi pembe. Kijiti kiligusa ukuta, penseli ikachora ubaoni kila bonde na kila kilima. Kisha msumeno, kisha tupa ya kulainishia ukingo. Unajaribu, unatoa, unajaribu tena. Nikakwambia uzibe mwanya kwa udongo tu, watu wana njaa. Wapi! Ulipomaliza, hata wembe haukupita. "Mende akitaka kupita hapa," ukasema, "atavua koti kwanza."

Ulipokuwa hai nilipanga vikombe hapo bila kuwaza. Ulipotuacha ndipo nikaanza kupitisha kidole pale ubao ulipokutana na ukuta. Upande mmoja mkono wangu, upande wa pili mkono wako. Mahali pengine popote sikukupata hivyo.

Jumamosi nilirudi kutoka Dunga, ufukweni, nilikokuwa nimefuata omena, dagaa wa ziwani. Kuta zote zimenyooka. Shemeji anajivuna, na ana haki, alitaka kunifurahisha. Mama yako akanikaribisha chai. Ilikuwa moto na tamu, nikaomba kikombe cha pili. Ndipo nikainua macho kwenye rafu. Nayo imenyooka.

"Ilikataa kukaa, shemeji," ndugu yako akasema. "Nikaikata ule upande uliopinda. Kipande chenyewe kilikuwa kikavu kweli, ndicho kimechemsha hiyo chai."

 Laiti ningerudi Ijumaa. Laiti ningewahi kuwaambia ule ukingo ulikuwa nini kwangu. Mama yako alikuwa ananitazama, anangoja nishukuru. Nikashukuru. Kikombe kilikuwa bado mkononi, nikakinywa chote, sikubakiza hata tone.

Pumzika, mume wangu.

Mkeo,
Mama Akinyi