Harusi Juu ya Watu Wasioliliwa

Black Rock, Buffalo
Tarehe 12 Agosti 2015

Mpendwa binti yangu Umurerwa,

Amani ya Mungu ikukute nyumbani kwako hapo Columbus. Uko namna gani? Mgongo umepona, au bado unainua wazee wa watu kama magunia ya viazi? Mume wako Ruta, sukari yake imeshuka? Na mjukuu wangu Uwase, bado anajibu wakubwa kwa Kiingereza? Mwambie nimemuuliza hali, na anijibu kwa lugha yenye nimemsalimia nayo.

Mimi niko. Goti linauma, macho yanakataa tundu la sindano, lakini dukani naenda mwenyewe na sisukumwi na mtu. Rwema mdogo wako ni mzima, anafanya zamu za usiku kiwandani. Tunashukuru.

Najua umeshangaa kuona barua. Bon, nikipiga simu unasema, "Mama, niko kazini," unakata. Barua haikatwi. Bamurange, huyu mtoto wa kaka yako, alitaka kuniandikia, nikakataa. Nilisoma miaka miwili tu kwa wamisioni, lakini herufi zangu ninazo, na mambo haya si ya kupitia mkono wa bibi harusi.

Harusi ni tarehe ishirini na tisa. Watu wa bwana harusi Cyubahiro wanatoka Louisville kwa mabasi, ndugu zake wa Beechmont na wenzake wa kule Okolona wanaobeba maboksi naye kwenye depo. Mama yake, Adolphine, alisema anataka ukumbi wa watu mia sita, wageni wake wasisimame nje kama mbuzi. Rwema akatafuta, akapata lile jengo la mawe la nyuma yetu, ukivuka uwanja wa jirani. Wamelipaka rangi, wametundika taa, wameweka viti vya rangi ya dhahabu. Kila mtu anafurahi. Mimi peke yangu silali.

Unamkumbuka jirani yetu Agata, yule mzee wa Kipolandi aliyekupa keki ya mbegu nyeusi? Nilimwambia kwamba harusi yetu itakuwa pale, Bamurange akitafsiri. Agata akaweka kikombe chini. Akaongea, akaongea, mkono unaonyesha huku na huku, macho yakajaa maji. Aliponyamaza Bamurange akanigeukia: "Anasema ni jengo la zamani."

Nikamwambia, "Wewe mtoto, mtu halii machozi juu ya jengo la zamani. Tafsiri yote, la sivyo nitakuchapa siku ya harusi na shela ikiwa kichwani."

Donc, basi, akatafsiri.

Kwanza ilikuwa nyumba ya kazi. Si kazi unayoijua wewe, ya kupiga kadi na kurudi kwako. Maskini, mlevi, mgeni asiye na pa kwenda, alikamatwa njiani akafungiwa humo, anavunja mawe na kufunga mifagio, na kosa lake ni kwamba hana kitu. Baadaye wakaweka wagonjwa wa kifua. Wakati wa vita vyao wakashona humo mablanketi ya askari. Halafu likawa depo la viatu, halafu likakaa na njiwa tu. Leo ni ukumbi wa sherehe. Kila mara wanalipaka rangi nyingine na kulipa jina lingine, kama mwizi anayebadilisha kofia.

Babu yake Agata aliingia humo kwa kukosa kazi, na hakutoka. Waliokufa walizikwa nyuma, bila jina, bila mtu kuwakalia kilio hata mchana mmoja. Hapo nyuma leo ni pakingi. Ndipo mabasi ya Louisville yatasimama.

Usiniambie watu wale ni wa zamani. Sisi tulipofika nchi hii, swali la kwanza lilikuwa nini? "Utaanza kazi lini?" Mimi mzee, nimevuka milima na ziwa, na msichana mwenye kalamu ananiuliza hivyo hata maji sijanywa. Ningefika zamani kidogo, ningekuwa mmoja wao.

Jumamosi tulikwenda kuona wazee watakaa wapi. Mchana mweupe, jua linawaka. Madirisha yako juu sana, hata mtu mrefu haoni nje. Ukutani kuna pete za chuma, wamezifunga maua. Bamurange akaona ni nzuri. Pembeni kuna chumba kidogo, wamekitengeneza bibi harusi avalie humo, kioo kikubwa na kiti chekundu. Tukaingia. Mlango ukajifunga nyuma yetu. Akausukuma, ukakataa. Mwanangu, komeo la mlango ule liko upande wa nje. Wamelipaka rangi nyeupe lakini hawakuling'oa, na liliangukia mahali pake lenyewe. Cha kuwashia taa pia kiko nje. Giza likatumeza.

Tulipiga kelele. Ukumbini walikuwa wanajaribu spika, hawakusikia. Nilimshika mtoto mkono, ulikuwa baridi kama samaki. Nikaanza kuomba, maneno yakatoka vipandevipande. Ndipo akaniuliza kwa lugha yetu, yeye ambaye siku zote ni Kiingereza tu:

"Nyogokuru, bibi yangu, baba yangu tulimlilia wapi?"

Nimewahi kuwajibu askari wenye bunduki. Kwa swali hilo niligeukia mlango, nikaupiga kwa ngumi.

Walipotufungua, mwenye ukumbi alikuwa anacheka, anasema mlango ule una wazimu wake. Bamurange akacheka naye. Mimi nikashika ukuta, nikasema ni goti.

Unajua jibu kama ninavyolijua. Kaka yako Gasore tulimfukia njiani tukitoka kwetu Bijombo, kwa mikono na sufuria, risasi ziko nyuma yetu. Bamurange ulikuwa naye mgongoni, umemziba mdomo kwa kitambaa. Hakuna aliyelia. Hata mtoto tulimkataza. Hatukuwasha moto wa kilio, hatukukaa chini, hatukunyoa. Na kwetu nyumba yenye kilio ambacho hakijamalizwa haitoi bibi harusi. Tulipita kambi, tukapanda ndege, tukajifanya tumesahau.

Juzi ndugu yetu Ruhimbika alipiga simu kutoka Uvira. Anasema pale njiani pamejengwa kinu cha mahindi. Watu wanangoja zamu ya kusaga, wanacheka, na mwanangu yuko chini ya miguu yao. Hawajui. Ni kama Adolphine asivyojua, atakapocheza na viatu vyake virefu juu ya babu yake Agata.

Nilimwambia mchungaji. Akanipigapiga begani: "Mama, mambo hayo ya mila Yesu aliyamaliza." Nikamwambia, Yesu alimlilia Lazaro na huku anajua anakwenda kumfufua. Wewe hujui kufufua hata gari lako wakati wa theluji, unanikataza kulia? Akaaga. Rwema naye ananiambia nisiharibu harusi ya watu. Mimi siiharibu. Naogopa ilikwisha kuharibika kule njiani. Mtoto aliyezibwa mdomo siku ya kilio cha baba yake, atapigiwaje vigelegele? Naogopa chumba kile. Naogopa tumbo lake, na watoto watakaotoka humo. Nikifunga macho nasikia komeo linaanguka.

Sasa nisikilize, na habari ya kazi usinipe. Shangazi ndiye anayemtoa bibi harusi, na dada ndiye anayefungua kilio cha kaka yake. Wote wawili ni wewe. Njoo Jumatano ya juma la harusi. Tutakaa chini siku mbili uwanjani kwa Agata, pale uzio wake unapogusa pakingi. Moto tutauwasha ndani ya jiko lake la kuchomea nyama, polisi wasije. Agata amekubali. Nilipomwonyesha kwa mikono akaenda akaleta mshumaa na kiti. Kiti nikamrudishia, nikamwonyesha chini. Akakaa chini, mzee yule, na goti lake ni baya kuliko langu.

Tutamlilia Gasore, na tutawalilia wale wa pakingi, kwa moto mmoja. Ijumaa tutanyoa, tutaoga, tutazima moto, tutakunywa maziwa. Watu wa Louisville watasema ukoo wa bibi harusi umenyoa kama wanajeshi. Waseme. Agata peke yake hatanyoa, ameshika kichwa akanionyesha nywele zilizobaki hazitoshi. Jumamosi mtoto akavae kwenye chumba kile akitaka, na wewe utasimama nje, mkono wako ukiwa juu ya komeo, mpaka atoke.

Najua kwa nini unakata simu. Wewe ndiye uliyemfunika kaka yako uso, uliona nisichoona. Sikukuuliza miaka yote hii na sitakuuliza kwenye karatasi. Lakini kilio si cha mtu mmoja, nimejaribu, hakitoki. Nilikuzaa, nikakugombeza, nikakuvusha ziwa gizani, na neno hili sijawahi kukuambia: naogopa. Njoo.

Nisalimie Ruta, mwambie aache soda. Nisalimie Uwase, uje naye, ashike kuni kama watoto wengine. Mama Nsimire wa mlango wa pili hapo kwako mwambie sufuria yake ninayo, sikuiiba. Rwema anakusalimu. Bamurange anakusalimu, na hajui nimekuandikia nini. Agata naye ameinua mkono dirishani nilipomwonyesha bahasha.

Mungu aliyetupitisha kule akupitishe na wewe barabara yote, akufikishe mlangoni kwangu.

Ni mimi mama yako, akupendaye hata anapokugombeza,

Nyiramahirwe