GPS Isiyojua Baridi Wala Kipigo

Kaka Rashidi, shikamoo. Nimeshuka mlimani salama, nakuandikia kutoka kwenye joto la Moshi mjini.

GPS yako ya mkononi, ile uliyoniapia kwamba haijui baridi wala kipigo, imenifurahisha mno. Kule juu ilizima hata kabla sijaanza kutetemeka. Nikazikumbatia betri zake kwapani nusu saa, kama kuku anayeatamia. Ikawaka, ikazima tena. Basi, kwa kuwa ulisema inahimili kugongwa, nikaitumia kugongea vigingi vya hema. Cha kwanza iliweza. Cha pili kioo kikapasuka.

Kiongozi wetu, Aloisi, Mchagga wa Marangu, alicheka mpaka akakaa chini. Tuliposhuka akanichumia jani la isale mpakani mwa kihamba chao, shamba la migomba la ukoo. “Mpelekee kaka yako, dada. Huku kwetu ukiletewa isale, lazima usamehe.”

Nimelibandika hapa pembeni. Nililikalia kwenye gari njia nzima, na bado ni la kijani, bila betri hata moja.

Wabusu watoto. Nakupenda sana kaka, na kuanzia sasa huna ruhusa ya kununa.

Mdogo wako,
Zuhura