Mstari Ulioruka

Venezia, mtaa wa San Zulian,
Jumatatu ya pili baada ya Pasaka

Kwako Kaka Ventura, mwana wa mama yangu,

Pokea salamu za nyumbani kabla ya neno jingine lolote. Kifua chako kinaendeleaje? Najua kila majira ya baridi hukusumbua, na nasikia huko Lyon ukungu wa mto ni mzito kuliko wetu. Wifi yangu, ambaye bado sijabahatika kumtia machoni, naye hajambo? Sisi tuliobaki tu wazima. Shangazi Zanetta aling'olewa jino lililomtesa, na sasa anakula dagaa wa siki na vitunguu kama msichana. Bortolo wa mtambo wetu wa kuchapia vitabu goti limevimba, ila ulimi wake uko salama. Yeye ndiye aliyeniambia nikuandikie kwa wino wetu wenyewe ili ukumbuke harufu.

Barua yako ya rambirambi imefika. Umesema ulilia, na kwamba linalokuuma zaidi ni kuwa hujui Baba aliishije tangu ulipovuka milima kwenda kumuuzia vitabu Ufaransa. Umeniomba nikusimulie, nisifiche. Basi keti, kaka, nami sitaficha.

Ulipoondoka, Baba alikuwa ndiyo kwanza amepata kile kitabu cha tiba ya homa, mswada wa Kigiriki uliotoka kwa watawa wa kisiwa cha Kandia. Nondo walikuwa wameula mpaka kurasa zinapitisha mwanga. Baba aliushika kama mtu anavyomshika mtoto mchanga wa mwenzake. Alisema akikichapa hicho, hata akifa kesho waganga wa dunia nzima watakuwa na deni kwake. Akamleta Stamatis kukisoma na kukisahihisha, akampa kile chumba cha juu kilichokuwa chako.

Stamatis hukumjua. Ni mtu wa Kandia, mwembamba, mwenye kula huku anasoma, mwenye kusahau kikombe cha mvinyo juu ya rafu mpaka kigeuke siki. Wapanga herufi walimwogopa kuliko Baba, kwa sababu Baba akiona kosa alifoka kisha akacheka, lakini Stamatis hakufoka wala hakucheka. Alilionyesha kosa kwa kidole tu, akangoja. Bortolo alikuwa akisema, "Huyu siku akifika mbinguni, kabla hajaingia atamwomba Petro amwonyeshe orodha ya waliookoka, aisahihishe kwanza."

Mimi nilijifunza herufi za Kigiriki kwake. Baba aliona vidole vyangu ni vyepesi, akaniweka kwenye sanduku la herufi pamoja na wanaume, na Stamatis akinifundisha kuzisoma kinyumenyume katika madini ya risasi. Sina haja ya kukueleza yaliyofuata. Alizungumza na Baba kwa heshima, kama inavyotakiwa, na Baba akamjibu kwamba kitabu kikitoka, harusi nayo itoke. Nilivaa pete yake mwaka mzima nikiwa na wino mpaka kwenye viwiko.

Baba alikuwa na sheria moja ambayo hata wewe unaikumbuka: karatasi isitoke mlangoni mpaka kitabu kizima kiwe tayari. Alisema kumwonyesha mtu nusu ya kitabu ni kumtoa bibi harusi nje nywele hazijasukwa. Kwa hiyo tulifanya kazi kimya, majirani wakibahatisha tu. Hati ya ruhusa ya Serikali ilipotoka, kwamba mtu mwingine asithubutu kukichapa kitabu hicho kwa miaka kumi, Baba aliipigilia ukutani kwa misumari yake mwenyewe.

Kitabu kilitoka kabla ya sikukuu ya Bikira kupalizwa. Kilikuwa kizuri, Ventura. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na korongo wetu, alama ya nyumba yetu, amesimama kwa mguu mmoja, na herufi zilisimama wima kama wanamaji kwenye gwaride. Watu walikuja kutoka mtaa wa maduka wa Merceria kukitazama tu. Tukaanza kuzungumzia harusi.

Kisha, mvua za vuli zilipoanza, akaja tabibu mmoja wa Padova, Messer Aurelio. Hakupiga kelele. Alivua kofia iliyolowa, akaweka kitabu mezani, akamwomba Baba asome ukurasa aliokuwa ameuwekea unyasi. Ulikuwa ukurasa wa dawa ya mzizi. Imeandikwa humo mzizi uchemshwe na mgonjwa anywe. Messer Aurelio alisema alifanya hivyo hivyo kama kitabu kilivyomwagiza, na mgonjwa wake alikuwa binti yake wa kumzaa, aliyekuwa na homa ya uzazi. Binti alikufa kabla kikombe hakijapoa.

Baba alikaa chini. Stamatis alikwenda rafuni, akaleta nakala yetu, akaifungua pale pale. Katika nakala yetu kulikuwa na mstari mmoja zaidi, unaosema kwamba maji ya kwanza yamwagwe, kwa kuwa yana sumu, na mgonjwa anywe ya pili. Katika kile cha tabibu mstari huo haukuwamo. Bortolo akasugua karatasi kwa dole gumba, akainusa. "Hii si karatasi yetu," akasema. "Hii ya Wafaransa. Inanuka mbuzi." Lakini korongo wetu alikuwa pale mbele, na jina la Baba, na hata neno la ruhusa ya Serikali. Mchuuzi alikuwa amepita Padova na mzigo wa nakala za namna hiyo, akiziuza kwa bei ya kabichi.

Sasa sikiliza jinsi lilivyomwangukia Stamatis. Mstari ule uliwahi kuruka hata kwetu. Mpanga herufi aliuruka katika karatasi za majaribio, Stamatis akaugundua, tukafungua fremu ya herufi tukaurudisha kabla mtambo haujaanza kazi yenyewe. Karatasi hizo zenye kosa zilikuwa chache, na zote zilipelekwa chumbani kwa Stamatis azisomee. Basi aliyewauzia Wafaransa maandishi yetu alikuwa amewauzia karatasi zile zenye kosa, na karatasi zile hazikupita mikononi mwa mtu mwingine. Hivyo ndivyo kila mtu chumbani alivyohesabu, na wote wakageuza shingo upande mmoja.

Mpanga herufi mmoja akasema, "Ukimkaribisha Mgiriki mezani, ukimaliza kula tafuta vijiko." Mwingine akamwuliza Stamatis damu ya binti wa watu ina ladha gani kwa mkate. Stamatis alimtazama Baba tu.

"Mzee," akasema, "waambie."

Baba alikuwa amesimama, mkono juu ya mtambo.

"Niwaambie nini?" akajibu.

Hayo tu. Stamatis akapanda juu, akashuka na joho lake na vitabu vyake viwili, akatoka kwenye mvua. Wenye mitambo wote wa mji walikubaliana asipewe kazi tena. Jumapili yake, tukitoka misa, nilimshika Baba mkono pale uwanjani nikamwambia aniapie kwa kaburi la mama kwamba ni kweli Stamatis ametuuza. Baba aliapa. Alitaja jina la mama, kaka, kwa sauti, huku njiwa wakiwa miguuni mwetu. Nikamrudishia Stamatis pete yake kwa mkono wa Shangazi, bila neno.

Toka hapo Baba hakuwa yule unayemjua. Alikuja mtamboni, akasimama, hakugusa kitu. Mezani alikata mkate akausahau. Sisi tulidhani ni yule binti wa Padova anayemwandama, na mimi nilimbembeleza, nikampikia wali na njegere kama apendavyo, nikampangia mito, nikamwambia kosa si lake. Alikuwa akinitazama nikisema hivyo, kisha anatazama pembeni.

Homa ilimshika katikati ya Kwaresima. Siku moja mchana, padri alipokwisha kumpa sakramenti na kuondoka, aliniita nikae kitandani. Aliniambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeivunja sheria yake. Karatasi zilipotoka mtamboni alishindwa kujizuia. Alitaka mtu mmoja tu aone, mtu mmoja ajivune pamoja naye. Mfanyabiashara wa hariri alikuwa anavuka milima asubuhi ile, na Baba kwa haraka akachukua karatasi za kwanza alizozikuta juu ya fungu, kabla Stamatis hajaziona. Nyingine alizituma baadaye, kidogo kidogo, kwa siri, mpaka kitabu kikaisha. Zote zilikuja kwako, Ventura.

Alijua tangu tabibu alipofungua ukurasa. Aliniambia aliuona mkono wako kama vile umeweka muhuri. Sikusikia jina lako kwa mtu mwingine. Nimelisikia kwa baba yako, akilia.

Nilimwuliza kwa nini basi alimwacha Stamatis achukue mzigo. Akasema, "Yule msomi, popote atakula. Mimi mwana wa kiume ninaye mmoja."

Nikamwuliza, "Na binti je?"

Baba akaomba maji. Nikampa. Baada ya kunywa akaniomba nilifiche jambo hili kwa ajili ya jina la ukoo, na nikamwuliza kama aliwahi kukuuliza wewe mwenyewe kwa nini ulifanya hivyo. Akasema hakukuuliza kamwe. Aliogopa usije ukamjibu kweli. Alikufa Alhamisi, na sikumwahidi alichoniomba.

Tulipomzika nilikwenda kumtafuta Stamatis. Anaishi karibu na San Biagio, wanakosali Wagiriki, anawafundisha watoto wa mabaharia kusoma. Mlango alinifungulia mkewe, mwanamke wa Koroni, mjamzito, aliyenikaribisha kwa adabu bila kujua mimi ni nani. Stamatis alinisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza hakusema ametusamehe, wala hakunilaumu. Aliuliza kama tabibu wa Padova ameambiwa. Nikasema bado. "Basi yeye kwanza," akasema. "Wengine watangoja."

Kwa hiyo nimefanya ninachokijua. Nilipanga ukurasa mmoja kwa mkono wangu, kwa herufi zile zile ndogo za Baba, ukieleza kitabu gani ni chetu na kipi cha wizi, mstari upi umekosekana, nani alizituma karatasi na kwa nani. Nilimpelekea Stamatis jaribio lake asome, kwa kuwa hakuna jicho jingine ninaloliamini. Mahali nilipoandika "mwizi Ventura" alikata neno la kwanza, akaandika pembeni kwa jina la Baba, "mwana wa Ambrogio". Nilipomwuliza, alisema neno nililochagua mimi watu wangelibishania, lakini hilo hakuna awezaye kulibisha.

Bortolo alivuta mtambo kwa goti lake hilo bovu, hakutania hata mara moja. Nakala ya kwanza niliipeleka Padova mwenyewe. Messer Aurelio aliisoma mlangoni, akaniuliza jina langu, akarudi ndani. Nyingine zimebandikwa Rialto na katika milango ya maduka ya Merceria. Wenye mitambo wamemwita Stamatis, na yeye amechagua kubaki na watoto wake wa mabaharia. Hilo nalo siwezi kulirudisha. Mzigo mmoja wa karatasi hizo umetangulia pamoja na mpanda farasi wa posta kwenda kwa wauza vitabu wa Lyon, nao, kama milima haina theluji, umefika kabla ya barua hii.

Mwisho wa barua yako umeniomba nikufungie herufi za Baba na kalibu za kuzitengenezea, kwa kuwa mwana ndiye mrithi, au nikungoje uje uchukue mtambo. Sheria iko upande wako, sibishani nayo. Njoo, mlango sitakufungia. Lakini mpaka siku utakayofika mbele ya hakimu, mtambo unafanya kazi, na anayeuendesha ni mimi.

Sijakuuliza kwa nini, na sitakuuliza. Sijui walikupa nini. Najua tu kwamba nilikuwa na baba, kaka na mchumba, na sasa nina mtambo.

Msalimie wifi, umwambie namtakia heri kwa moyo mweupe, yeye hana kosa. Na ninakuomba kitu kimoja, Ventura, kwa udugu wetu: mwambie wewe mwenyewe leo, kabla majirani hawajamsomea. Mimi najua ilivyo kumpikia mtu, na kumpangia mito, huku yeye anajua na wewe hujui.

Ni mimi, nduguyo wa tumbo moja,
Polissena binti Ambrogio,
mchapaji