Kompyuta Iliyonikataa

Temeke, Jumanne, Machi 1999

Mkono bado unaniuma. Nimempiga mdogo wangu Shafii ngumi ya mdomo, damu ikarukia kioo cha kompyuta. Hii programu ya Linux niliyowekewa juzi kwenye kompyuta, ukiiacha kidogo inajifunga, na leo ikakataa neno langu la siri. Nikajua Shafii kalibadilisha.

"Wallahi braza, sijaigusa!"

Nikamwongeza.

Jioni mama akapita na kitambaa chake, akapangusa vumbi kwenye kibodi kama kila siku. Taa ya kitufe cha herufi kubwa, ambayo sikuwa nimeona kuwa inawaka, ikazimika. Nikaandika neno lilelile, ikafunguka.

Nilitamani kuivunja kompyuta. Ningeivunjia nini sasa?

Mama akamwona Shafii. "Mdomo umefanyaje?"

"Nimejikwaa, mama," akajibu, macho kwangu.

"Pole mwanangu." Akampangusa damu kwa kitambaa kilekile.